Joko la Presha la Kamembe

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepasua wayo mwingine wa mguu bandia kwa msumeno. Mapovu tena, katikati ya tabaka za nyuzi za kaboni. Kwa hiyo ule wa mteja wangu Maman Neema ulivunjika kwa sababu hiyohiyo, akiwa na mzigo wa vitenge kichwani, kwenye foleni ya mpaka. Alianguka mbele ya watu. Mguu huo niliutengeneza mimi.

Joko langu linaoka tu, halikandamizi. Nahitaji otoklavu, joko linalooka huku likikandamiza kwa presha ya hewa. Muuzaji wa ng'ambo amejibu: hawaleti hadi huku. Basi tutaunda wenyewe. Papa Hamisi, fundi wa kuchomelea, amepata bomba nene la chuma.

Alhamisi, 6 Novemba
Mpira wa kuziba mlango wa bomba umeyeyuka tulipolipasha moto. Harufu mbaya karakana nzima. Tukaweka mwingine. Umeme ukakatika.
Nimechoka.

Jumamosi, 8 Novemba
Mpira mpya kutoka Bukavu unastahimili moto. Ningefurahi, lakini tumegombana. Nataka tujaribu bomba kwa maji kwanza. Maji yakipasua chuma, yanamwagika basi. Hewa ikipasua, inaua. Papa Hamisi anaona naidharau kazi yake.
"Maman Sifa, unaogopa bure. Tutie hewa leo, tumalize."
Nimekataa. Ameondoka bila kuaga. Miaka yote tunafanya kazi pamoja, hajawahi.

Jumanne, 11 Novemba
Amerudi, amenuna. Tumejaza maji, tumepiga pampu ya mkono. Mshale wa presha haujafika hata nusu ya tunachohitaji, kifuniko cha nyuma kikachanika kwenye kiungo alichochomelea. Maji yakaruka hadi kwenye mabati.
Nyuma ya ukuta ulio upande wa kifuniko hicho yuko mshonaji na wanafunzi wake. Walikuwa wanaimba.
Papa Hamisi aliketi chini kwenye maji. Nilikuwa sahihi na sikusikia raha yoyote. Nilikwenda nje nikalia kwa hasira. Kazi yote ile, chuma chakavu.

Ijumaa, 14 Novemba
Maman Neema amekuja kwa magongo. Nimemwambia ukweli: sijui itakuwa lini.
"Miye siko na haraka ya kuanguka tena," akasema. "Lakini batoto banakula kila siku."
Nimejichukia.
Baada ya swala, Papa Hamisi amekata lile bomba vipande viwili, ili asitokee mtu wa kulitia hewa. Anasema kifuniko bapa ndicho kilichotuponza. Atatafuta vilivyobinuka, kama tako la chungu. Sikuamini kitu. Nimetikisa kichwa tu.

Jumanne, 25 Novemba
Bomba jipya, vifuniko vilivyobinuka. Maji tena. Mshale ukapanda, ukapita tunachohitaji, ukatulia. Tumekaa kuutazama mpaka chai ikapoa. Haukushuka.
Nilitaka kumkumbatia Papa Hamisi. Nikamwambia afagie.

Jumapili, 30 Novemba
Wayo wa kwanza wa otoklavu niliupasua. Hauna povu hata moja. Wa pili nimemfunga Maman Neema leo, baada ya misa yake.
Alisimama. Akazunguka karakana mara kadhaa, halafu akatoka mlangoni bila kuniomba ruhusa, akashika njia ya kupanda kuelekea sokoni. Nilimfuata kwa mbali, nikitega sikio nisikie mlio wa kitu kuvunjika.
Nilisikia sauti yake tu, akimgombeza mwenye pikipiki aliyempita karibu mno.