Sura ya Kuazima

Mbunya, Bunia, tarehe 9 Februari

Mwanangu Elysée,

Sisi tu wazima, na mahindi ya mama yako yamechipuka vizuri.

Dada yako Chancelle amefungua studio ya picha. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama aliyekimbia vita kutoka Bule. Nyumba yake iliteketea pamoja na picha zote za marehemu binti yake, Bénédicte. Akamleta binti yake mdogo, Claire, akamwambia Chancelle:

"Walifanana sana. Umupige huyu, uandike jina ya Bénédicte."

Chancelle akampiga picha, akaandika jina hilo. Mama akaondoka ameikumbatia picha ile, na tangu hapo wafiwa wengine wanakuja kuomba vivyo hivyo.

Juzi Claire alirudi peke yake, akamsihi Chancelle kama dada yake mkubwa:

"Yaya Chancelle, unipige na miye. Mama iko ananiita Bénédicte kila siku. Andika Claire, na maandishi ya mukubwa."

Nilimkemea dada yako vikali. Sasa mama yako anataka uje upigwe picha badala ya marehemu kaka yako Olivier, ambaye hakutuachia picha hata moja. Niliketi kuandika barua hii ili nikukataze. Nimemwona Claire, najua jambo hili linamfanya nini aliye hai. Lakini huu ni mwaka wa tatu tangu atutoke, na nimeanza kuusahau uso wa Olivier.

Njoo, mwanangu. Vaa shati jeupe, wala usitabasamu, kwa maana yeye hakuwa mtu wa kutabasamu.

Baba yako,
Josaphat