Matanga ya Pande

Jumatatu, 3 Juni
Kuvuna ufuta tena. Mgongo hauna hali. Bi Somoe, jirani, kanifundisha kufunga mafungu yasianguke upepo ukija. Langu la kwanza lilianguka papo hapo. Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Siku nyingi sijacheka. Mama amekohoa kutwa.

Alhamisi, 6 Juni
Binti wa Bi Somoe amefariki kwa uzazi. Wanawake wote wamekwenda matangani, watalala huko siku tatu. Mimi nimefunga mlango. Siwezi. Kule kwetu Msumbiji wenye silaha walituvamia tukiwa matangani, masinia ya ubwabwa yako mbele yetu. Mume wangu alikuwa anagawa maji. Tangu siku ile, nikisikia watu wengi wanalia pamoja, miguu inataka kukimbia. Nimwambie nani hapa Pande?

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwamkia Bi Somoe kisimani. Hakuitikia. Mwanamke mmoja akasema, makusudi nisikie, "Huyu hazikani na watu. Wa kwake atazika mwenyewe."
Nimeondoka na ndoo nusu. Wana haki. Nimewachukia hata hivyo.

Jumapili, 16 Juni
Mama hali kitu. Anauliza nani atamwosha akifa. Asubuhi hilo, jioni hilo. Nimemfokea anyamaze.

Jumanne, 18 Juni
Mama amefariki alfajiri. Sikupiga ukelele. Ningepiga, na asije mtu?
Jua limetoka, Bi Somoe akaingia na ndoo na sabuni. Hakusikia kikohozi, ndiyo maana. Akaita wenzake wawili. Wamemwosha vizuri, wamemvisha sanda. Wanaume wamemzika baada ya adhuhuri.
Nikaanza kushukuru. Bi Somoe akanikata. "Hatukuja kwako, mwanangu. Tumekuja kwa maiti."
Jioni kila mtu kaenda kwake. Matanga ya mama yangu, na hakuna aliyelala ila mimi.

Ijumaa, 21 Juni
Nimekwenda shamba. Nimefunga mafungu peke yangu.

Jumamosi, 29 Juni
Kuna msiba karibu na msikiti. Nimeoga, nimejitanda kanga, nimekwenda. Vilio nilivisikia toka njiani. Mlangoni miguu ikagoma, nikashika ukuta, nikaingia. Nimekaa pembeni, nautazama mlango wa uani.
Hakuna aliyenisemesha. Baadaye Bi Somoe akanisukumia ungo wa mchele. Nimeuchambua wote. Akaniletea mwingine.
Nimerudi mara moja kuchukua mkeka. Leo nalala huko.