Salamu za Mkwe Golini

Mama, shikamoo. Huku Ujiji upepo wa ziwa ni mtamu, na samaki aina ya migebuka wa kuchoma nimekula hadi naona haya.

Jana jioni familia nzima tulikwenda kumtazama kaka Hamisi akidaka dhidi ya timu ya Mwamgongo. Mara mama mkwe wake akafika, akasimama kando ya goli. Kaka akavua glovu, akainama, akampa mikono miwili. Salamu za mkwe hazikatizwi! Bado wanaulizana habari za mihogo, mpira ukampita ubavuni. Tukafungwa moja bila.

Uwanja ulimzomea, mkwe akafoka: "Mwacheni! Binti yangu kaolewa na mtu mwenye adabu."

Wale wa Mwamgongo wamemzawadia mkwe migebuka, wakimsihi asikose marudiano.

Tumekukumbuka, Mama. Njoo, ila ukae mbali na goli la Hamisi.