Shahidi wa Barua ya Kalunde

Leo Alhamisi. Jua limekuwa kali tangu saa tatu asubuhi, upepo unaingiza vumbi jekundu mpaka kwenye kikombe cha chai, na mimi nina hasira ambayo mwili wangu hauna tena nguvu ya kuibeba.

Nimerudi kutoka mkutanoni sasa hivi. Nilikaa kwanza kwenye kiti cha mlangoni nikangoja pumzi inifuate. Ilichelewa. Daktari wa Kitui alimwambia binti yangu Mwende, kwa sauti ya chini, kwamba moyo umevimba na dawa zinausukuma tu siku mbili tatu. Alidhani sisikii. Mimi ni mzee, si kiziwi.

Kwa hiyo nitaandika haraka, hapa kwenye ukurasa wa mtandao alionifungulia Mwende.

Mkutano ulikuwa wa kutoa maoni kuhusu posta. Walikuja maafisa watatu, wakatukuta tumekaa ndani ya ukumbi wa kanisa kwa saa moja na nusu tukiwangoja. Hawakuomba radhi. Walikuwa na chupa zao za maji. Wakatueleza kwamba shirika linapata hasara, kwamba madeni yamepita mapato, kwamba wananchi hawaandiki tena barua, na kwa hivyo ofisi ndogo kama yetu huenda ikafungwa na masanduku yetu yakahamishiwa mji mwingine. Walisema neno hasara kama mtu anayesema mvua haikunyesha. Kana kwamba hakuna mkono wa mtu ulioileta.

Hapo ndipo hasira ilianza. Nimelipia sanduku la barua kila mwaka tangu nilipostaafu ualimu. Mara ya mwisho kulifungua nilikuta buibui na tangazo la semina iliyokwisha. Paa la ofisi linavuja juu ya kaunta. Karani aliyepo sasa, msichana mwenye adabu, anakopa unga dukani kwa sababu mshahara haujafika, halafu anarudi kutuuzia stempu kwa tabasamu. Na mtu aliyevaa tai ananiambia kosa ni langu, kwamba siandiki barua.

Watu walisema yao. Mwenye duka la vipuri hakusimama hata. "Mimi nikitaka kitu, kinawekwa kwa gari Emali asubuhi, saa nane niko nacho mkononi. Posta nitangojea ya nini? Ufufuo?"

Ukumbi ulicheka. Mwendesha bodaboda mmoja akasema yeye hajawahi kuandika barua tangu azaliwe, akauliza kama bado stempu hulambwa. Mama mmoja akamjibu, "Wewe lamba tu, hautakufa," tukacheka tena. Hata mimi.

Kisha Kalunde akasimama.

Lazima nieleze Kalunde ni nani, kwa sababu anayesoma hapa huenda ni rafiki wa Mwende huko Kibwezi asiyetujua. Kalunde alikuwa mwanafunzi wangu. Leo ana wajukuu. Anauza pojo na kunde sokoni, ndiye katibu wa kikundi cha akina mama, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa afisa yeyote aliyekuja leo. Tangu niugue, kila Jumatano na Jumamosi huniletea uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Huketi hapa mezani nilipo sasa, anangoja nimalize. Hajawahi kuniita kwa jina. Mwalimu, ndivyo anavyoniita, na ananiita kama mtu anayeita baba.

Alisema polepole. "Mimi posta ilinimaliza. Niliitwa chuo cha ualimu. Barua ilitumwa, ikapotelea kwao. Nilipojua, wenzangu walikuwa wameshaanza masomo. Nimefundisha watoto wa chekechea miaka kumi na tatu bila cheti, nikilipwa kwa mahindi, mpaka wakaniambia asiye na cheti aende nyumbani. Sasa mnaniuliza kama nataka hiyo ofisi ifungwe. Afadhali ingefungwa siku ile ile."

Afisa mwanamke, aliyekuwa akiandika, akauliza kama kuna anayeweza kuthibitisha.

"Mwalimu ndiye shahidi wangu," Kalunde akasema. "Huyo hapo. Muulizeni."

Ukumbi wote ukanigeukia.

Nikaitikia kwa kichwa.

Afisa akaandika. Niliona kalamu ikitembea. Baada ya zaidi ya miaka arobaini, uongo wangu umeingia kwenye karatasi za serikali, na sikuhitaji hata kufungua mdomo.

Barua ya Kalunde haikupotelea posta. Ilipotelea kwangu.

Siku hizo kijiji kizima hakikuwa na sanduku. Lililokuwepo ni la shule, na ufunguo ulikaa kwenye mnyororo wa saa yangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwalimu mkuu. Mfuko wa barua uliletwa posta na basi Jumanne na Ijumaa. Kila Ijumaa jioni, baada ya kushusha bendera, nilikuwa nikisimama mbele ya mstari nikisoma majina, na kila mtoto akikimbia nyumbani na barua ya baba, ya jirani, ya mjomba aliye Mombasa. Nilikuwa posta ya kilima hiki. Nilipenda kazi hiyo kuliko nilivyopaswa kuipenda.

Ijumaa moja ikaja bahasha ya kahawia yenye jina la Kalunde. Alikuwa msichana wa kwanza wa shule yetu kuitwa chuo. Nilijua kilichomo kabla ya kuifungua, nami nikaifungua, jambo ambalo sikuwa na haki nalo. Nikaisoma mara mbili. Ningeweza kuisoma mstarini jioni ile. Ningeweza kutembea dakika ishirini hadi kwa baba yake, Mzee Musau.

Sikufanya hivyo. Nilitaka kuitoa kanisani Jumapili, mbele ya mchungaji na wazazi wote, ili kila mtu aone shule imefanya nini. Nasema shule. Nilimaanisha mimi. Nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti la Jumapili.

Jumamosi mvua ikanyesha baada ya kiangazi kirefu. Watu wa huku wanajua maana yake. Jumapili hakuna aliyeenda kanisani, kila mtu alikuwa shambani akipanda, mimi pia. Jumatatu nikaitwa kusahihisha mitihani nje ya wilaya, nikaenda na koti la kazi. Nilirudi baada ya wiki tatu. Koti la Jumapili lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, na mimi, mtu wa kukumbuka majina ya wanafunzi mia nne, nilikuwa nimesahau.

Nilipoingiza mkono mfukoni, siku ya kuripoti chuoni ilikuwa imepita kwa siku nane.

Siku nane si kitu. Hili ndilo linaloniuma hadi kwenye mifupa. Ningeweza kumchukua msichana asubuhi ile ile, tukapanda basi, nikasimama mbele ya mkuu wa chuo nikasema kosa ni langu. Wangempokea. Wakuu wa vyuo walikuwa watu kama mimi, wangecheka na kunikemea kidogo. Lakini ningelazimika kusema nilikuwa nimeiweka wapi, na kwa nini.

Mzee Musau alikuja shuleni mara tatu. Mara ya tatu alivua kofia akaniuliza, "Mwalimu, hakuna kitu chochote?"

Nikamwambia, "Hawa watu wa posta, mzee. Wewe unawajua."

Hakuwajua. Hakuwa na sababu ya kuwajua vibaya. Karani wa posta yetu wakati huo aliitwa Mutisya, mtu mwembamba, mkimya, aliyewaandikia wajane anwani juu ya bahasha bila kudai hata asante. Chini yake sikumbuki barua hata moja iliyopotea.

Mzee Musau akataka kushtaki, na kwa kuwa hakujua Kiingereza akaniomba nimwandikie malalamiko. Nikaandika kurasa mbili. Niliandika vizuri. Nilitumia maneno makubwa kuhusu uzembe na haki za raia. Barua hiyo nikaipeleka mwenyewe posta, na Mutisya akaipokea dirishani, akaibandika stempu, akaigonga muhuri, akaitia kwenye mfuko. Hakujua amebeba nini. Akaniuliza habari za nyumbani.

Barua hiyo ilifika. Haikuchukua hata wiki moja.

Mutisya akahamishwa upande wa Nuu, mbali na mke na shamba lake, na alama mbaya kwenye faili. Hakupandishwa cheo tena. Alipostaafu alirudi hapa, tukawa tunasalimiana sokoni. Alikufa miaka michache iliyopita. Kwenye mazishi yake mimi, kama mzee wa kanisa, niliombwa niseme machache. Nikasema alikuwa mtu mwaminifu. Watu wakaitikia amina, nami nikaketi.

Nimejaribu kuwaelekezea wale wenye tai hasira yangu yote leo, na wanastahili sehemu yake. Wameikuta kazi nzuri wakaiacha ioze. Wamewaacha makarani wafe njaa nyuma ya madirisha. Wameharibu posta mpaka uongo wangu unafanana na ukweli, mpaka mtu akisema barua imepotelea kwao hakuna anayeuliza mara mbili. Kwa hilo sitawasamehe. Walinipa mahali pazuri pa kujificha, na nimejificha humo nikizeeka.

Lakini posta ya Mutisya haikuwa hivyo. Mimi nilianza kuitukana ilipokuwa bado inafanya kazi. Kila mtu kwenye kilima hiki amekua akisikia kisa cha barua ya Kalunde. Kimesimuliwa kwenye harusi, kimesimuliwa kwa watoto. Wangapi waliacha kutuma pesa au barua kwa sababu mwalimu mkuu mwenyewe alisema watu wa posta si wa kuaminiwa? Sijui. Siwezi kuwahesabu.

Nimejiambia mambo mengi kwa miaka hii. Kwamba nilimpa kazi ya chekechea, kama fidia. Kwamba ameolewa vizuri. Kwamba Mungu ana mpango. Hilo la mwisho ndilo linaloniaibisha zaidi, kulitumia jina la Mungu kufunika mfuko wa koti.

Na uji. Kila Jumatano nimekunywa uji wake.

Bahasha ninayo. Sikuweza kuichoma. Imekaa ndani ya daftari la zamani la mahudhurio, chini ya vyeti vyangu, na imehama nami nyumba mbili. Leo nimeitoa. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Nyuma yake kuna muhuri wa ofisi yetu wa siku ilipopokelewa, kama Mutisya alivyogonga kila kitu kilichopita mkononi mwake, katikati kabisa, bila kupinda. Tarehe inasomeka. Ilifika wiki mbili nzima kabla ya siku ya kuripoti.

Alifanya kazi yake. Ushahidi nimekaa nao mimi.

Mwende akisoma hapa atasema nilipaswa kufa nalo, kwamba kumwambia mwanamke wa umri ule ni kumwongezea mzigo ili mimi nipate wepesi. Nimelifikiria hilo. Huenda ana haki. Lakini leo nimemwona amesimama mbele ya watu, amejikunja kama msichana aliyeitwa ubaoni, akimlaumu mtu aliye kaburini, akinitegemea mimi. Wepesi wangu si kitu. Atake kunilaani, anilaani mimi, si Mutisya.

Saa kumi nilimpigia simu.

Nikamwambia, "Kalunde, kesho njoo hata kama si siku ya uji. Usibebe chochote."

"Mwalimu, umezidiwa? Nije sasa hivi?"

"Hapana. Kuna barua yako hapa."

Akacheka. "Barua? Mimi? Nani ananiandikia barua siku hizi? Imeletwa na nani?"

Pumzi ilinikatika kidogo, na safari hii haikuwa moyo. "Na mimi," nikasema.

"Basi posta wamekuajiri uzeeni," akasema, bado anacheka. "Haya, Mwalimu. Saa nne nitakuwa hapo. Kunywa dawa."

Akakata simu.

Sitachapisha haya kabla hajaondoka kwangu kesho. Hastahili kuyasoma kwenye simu ya mtu mwingine. Baada ya hapo yatakuwa ya kila mtu, mchungaji akiwemo, na kiti changu cha mbele kanisani wanaweza kumpa mwingine. Nitawaandikia pia wale maafisa kwamba shahidi waliyemwandika leo alidanganya. Barua hiyo nitaituma kwa posta, nikikuta mlango bado uko wazi.

Nimeiweka bahasha juu ya meza, mbele ya kiti anachoketi akiningoja nimalize uji. Kwanza niliiweka jina lake likiwa juu. Kisha nikaigeuza, upande wa muhuri, ili kitu cha kwanza atakachosoma kiwe ile tarehe.