Ndevu Zako za Siku ya Kumuaga Neema

Mtani wangu Mhehe,

Kwanza usinicheke. Kinyozi mzima wa Ilomba, kitambi mbele, miwani nimeazima kwa jirani, nimekaa kwenye kiti cha wateja namwandikia mtu niliyemtupia udongo kaburini mwenyewe kule Iringa wiki tatu zilizopita. Ungekuwepo ungesema Wangoni tunachelewa kuelewa mpaka pombe iishe. Safari hii ungekuwa umepatia.

Ni zile ndevu, mtani.

Miezi saba ulizifuga kwa ajili ya sherehe ya kumuaga binti yako Neema kabla ya harusi yake. Nilikupaka mafuta, nikakukataza kujikuna, nikakuchania kila Jumamosi huku tukibishana babu zetu nani alimkimbiza mwenzake vitani. Zilijaa vizuri, mvi kidogo tu kidevuni. Changu mimi kidevu kina nywele tisa. Ulizihesabu mbele ya wateja. Siku mbili kabla ya sherehe ukaja, ukasema, "Chonga kingo tu, Mngoni. Ukigusa katikati nakuzika." Nikakuwekea taulo la moto. Ukasinzia.

Nikaona hapo ndipo penye utani. Nikapitisha mashine shavu la kushoto, lote, mpaka ngozi. Wateja walishika mbavu. Nilingoja uamke unitukanie ukoo mzima. Ulijitazama kwenye kioo, ukajitazama tena, ukasema taratibu, "Malizia na huku."

Nikamalizia. Hakuna aliyecheka tena.

Tangu hapo ukawa unanipita na "Habari za kazi," kama unamsalimia karani wa kata. Miaka miwili! Ungenitukana ningelala vizuri. Lakini mtani haombwi msamaha, si ndivyo tulivyolelewa? Mtani hulipiza, mkaendelea. Basi nikajificha humo humo kwenye desturi. Nikajiambia atalipiza tu, siku moja nitaamka sina nyusi. Niliingoja siku hiyo, mwenzangu. Kweli niliingoja.

Ni Neema aliyenieleza, kwenye msiba wako. Babu yake aliyemlea, marehemu baba yako, alikuwa na ndevu kama zile. Binti alikuomba uzifuge ili siku anaagwa amwone babu kidogo usoni mwako. Mbona hukuniambia? Au nilikupa nafasi lini, na mdomo wangu huu?

Makaburini wazee wakaniita: mtani aje afanye kazi yake. Unajua nilichotakiwa kufanya, nilale njiani jeneza lisipite, nikuseme uchoyo wako, wafiwa wapumue kidogo. Nikasimama mbele ya jeneza. Nikasema, "Mhehe, nisamehe. Nilikukosea."

Watu wakacheka, mtani. Mkeo alicheka mpaka akaegemea mtu. Mtani kuomba msamaha! Mzee mmoja akanipiga begani, akasema hajaona utani mtamu kama ule. Nami nikatabasamu, mjinga mimi, nikakaa chini.

Ndiyo maana naandika. Hapa hakuna wa kucheka. Nilikukosea, na nilijua siku ile ile.

Arobaini yako nitakuja. Nitamwita Neema pembeni, wawili tu, nimwombe yeye msamaha, maana siku ile ilikuwa yake. Akicheka, nitangoja amalize, halafu nitasema tena.

Kwaheri, Mhehe.

Mngoni wako