Birika Lililohama

L'Anse Pelé,
Carriacou.
2 Aprili 2019.

Mpendwa Dada Ermintha,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kwenye jua kali na upepo wa kiangazi. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi ya Huddersfield? Mjukuu wako aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Huku hatujambo. Mama mdogo Velda ametimiza miaka themanini na minane na bado sauti yake inafukuza kuku wa jirani. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako hupokewa na mjukuu, na neno hili sitaki lipite sikio la tatu. Barua inaletwa na binamu mmoja wa Idella, anayesafiri Alhamisi. Tafadhali isome peke yako, tena uisome kabla hujamjibu Idella chochote.

Idella ndiye mtunza makumbusho yetu, pale kwenye kiwanda cha zamani cha pamba. Mwaka mzima amekuwa akipitisha kumbukumbu za kijiji kwenye mashine, moja moja: daftari za shule, barua za mabaharia, na lile sanduku la filamu za padri. Mwezi uliopita alizifungua kwa watu wote, hata ninyi wa ng'ambo mnaweza kuziona kwenye simu. Siku ya kwanza watu walicheka na kulia kwa pamoja. Mzee Alban alimwona babake kijana, akapiga kelele, "Kumbe baba alikuwa na meno!"

Picha namba 212 ni mazishi ya Mama.

Sikujua kama kuna picha. Uko hapo, Dada, una miaka kumi na mitatu, mkono wa kushoto umetundikwa shingoni kwa kitambaa baada ya kuanguka kwenye mkwaju. Mimi nimeshika sketi yako. Jeneza liko mbele yetu, bahari iko nyuma, na birika la kanisa, lile kubwa la kukingia maji ya mvua, liko kushoto.

Unajua kwamba tunaweka jiwe la kaburi la Mama Jumamosi ya tarehe 27. Mama mdogo amemwota mara tatu, na marehemu akija mara tatu hakuna tena kuahirisha. Kondoo wamefungwa uani, wapiga ngoma wamekubali, jina limekwisha kuchongwa. Basi Fundi Sylbert naye akaja makumbusho kuitazama picha, apate kuona kaburi lilivyolala. Alitazama weee, kisha akaniita mbele ya watu.

"We Cosnel, hili birika lilihama lini?"

"Birika gani?"

"La kanisa. Nikisimama pale ninapochimba msingi, nikatazama baharini, birika liko kulia kwangu. Hapa liko kushoto. Au mama yenu mlimzika mara mbili?"

Watu wakaangua kicheko. Mama mdogo akagonga fimbo sakafuni. "Mashine hizo! Mie tangu lini nikaziamini? Sylbert, nenda kachanganye saruji yako!"

Idella, maskini, akajishika kichwa. Alieleza kwamba filamu ikilazwa kinyume kwenye skana, kushoto huwa kulia, na huenda amekosea yeye. Akaniuliza kwa adabu, "Mjomba Cosnel, wewe ulikuwepo. Niliigeuza?"

Nami nikasema, "Ndiyo mwanangu, uliigeuza."

Akaigeuza. Kwa kidole kimoja tu, birika likahamia kulia. Akawaomba watu radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na mimi nikamwacha aombe. Kisha, kwa kuwa ni binti makini, akasema atakuandikia akuulize ni mkono upi uliokuwa umevunjika, ili aandike chini ya picha kwamba imethibitishwa.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Mwaka uliofuata safari yako ya Uingereza ndipo ilipopiga ile dhoruba iliyong'oa paa la shule. Makaburini kulifagiwa kote. Misalaba ilipeperuka, matuta yakasawazika, makome yaliyozunguka kaburi la Mama yakatawanyika. Baba alikuwa baharini, kama alivyokuwa siku Mama alipozikwa, akatuma neno kwamba Cosnel akayapange makome kabla hajarudi, maana kwa makome ndivyo kila mtu alivyolitambua kaburi la wake. Nilikuwa na miaka kumi. Wenzangu walikuwa wananisubiri na gongo la kriketi. Upande wa pili wa birika, alipolala Mama, kulijaa matope na mashimo ya kaa, na karibu na geti palikuwa na tuta zuri, kavu. Nikayapanga pale, nikaenda kucheza. Nilijua si lenyewe. Nilijiambia nitarekebisha kesho.

Baba alirudi usiku uleule. Asubuhi nilimkuta amepiga magoti penye makome, analia. Ningesema nini? Mama mdogo naye, aliporudi kutoka Aruba, alionyeshwa palepale. Waliokuwepo mazishini wote wametangulia, tumebaki mimi na wewe.

Lile tuta ni la Theophilus Bethel. Ndiyo, yuleyule aliyeshtakiana na Mama kwa ajili ya mbuzi. Watu wake walihamia Trinidad, hakuna aliyekuja kuuliza. Miaka hamsini na sita tunammiminia ramu Theophilus, na akiwa hai hakuwahi kuikataa. Ningecheka, Dada, lakini Baba aliomba azikwe ubavuni mwa mkewe, na ni mimi niliyewaonyesha wachimbaji mahali. Mama yuko peke yake kwenye miiba upande wa pili wa birika, na Baba amelala na hasimu wa mkewe.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na huo ndio ubaya wake.

Leo asubuhi wanawake walikuwa uani wanachambua mbaazi, Mama mdogo akatoka na kanga ya kichwa imekaa upande. "Dada yangu Leonise kaja tena ndotoni jana," akasema. "Kanipa mgongo. Ananiuliza, Velda, nani huyo anayekunywa ramu yangu?" Wakacheka wote. Mimi nilikwenda zangu kutafuta kalamu.

Nakiri kwamba nilishika kalamu nikitaka kukuomba umwambie Idella ni mkono wa kulia. Nilijisemea jiwe ni jiwe, Mungu anajua Mama alipo. Lakini picha ile itabaki sisi tukiondoka, na wajukuu zako wataitazama ikiwa imegeuzwa na uongo wangu. Naogopa sana, Dada. Hata hivyo, Idella akikuuliza, usinihurumie. Mwambie ni mkono wa kushoto. Mimi nikiiweka kalamu chini navuka njia kwa Mama mdogo.

Nisalimie shemeji Fitzroy, Marva na watoto wake, na rafiki yako Ionie kama bado mnaimba pamoja kanisani. Mungu akukinge na baridi hiyo, na akupe moyo wa kuniita mdogo wako hata baada ya haya.

Ni mimi niliyeshika sketi yako, na ninayekupenda mpaka leo,

Cosnel

Nyongeza: Nimerudi. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kuliona. Kisha akanizaba kofi. Akachukua chupa ya ramu ya karamu, akasema, "Nionyeshe." Nilifyeka miiba upande wa pili wa birika, na chini yake nikakuta kome moja lililosalia, nusu limezama udongoni. Fundi Sylbert atachimba upya kesho. Kuhusu kumhamisha Baba, Mama mdogo anasema uamue wewe uliye mkubwa.

Alimimina chupa yote, taratibu. "Kunywa, Leonise," akasema. "Mwanao alikuwa mtoto." Halafu akanigeukia. "Na ulipokua?"