Tenga Langu Limefika Tunduru

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu kama mgambo asiye na kirungu. Roho yangu chungu, nasema mapema ili mtu asiniletee utani.

Watu huniuliza kwa nini nasuka matenga ya mianzi wakati ndoo za plastiki zimejaa sokoni. Huwa nawajibu kwamba kijana mzuri kama mimi lazima awe na kazi ya kuringia. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini vidole vyangu vina digrii. Wasukaji wa kijiji cha Mpitimbi wakishika tenga langu huligeuzageuza wakitafuta kasoro, wakikosa wanasingizia bei.

Wanachonichekea ni kimoja: nasuka kinyume. Mwanzi wangu unazunguka kwenda kushoto.

Nilijifunza kwa baba, na baba ni mashoto. Mimi natumia kulia kwa kila kitu, hata kurusha mawe, ila kusuka nilimwiga yeye. Nilipokuwa darasa la tano alikwenda Tunduru msimu wa korosho. Alisema Krismasi tutakula naye. Ni Krismasi ngapi sasa, mama hataki tuzihesabu.

Basi sababu ya kweli ndiyo hii, na sijawahi kumwambia mtu: nasuka ili baba alione tenga langu.

Mama Zuhura hununua matenga yangu hapa Mshangano, Songea, anakwenda kuyauza Tunduru kwa wavuna korosho. Msimu huu alinidokeza kuwa jirani na genge lake kuna mzee mashoto, mtu wa Songea, anashona viatu. Jina lile lile la baba. Nikasuka tenga moja la pekee, ukingo mara mbili, nikamwomba aliweke mbele. Nilijua mzee akiliona tu atauliza fundi ni nani. Majibu ya jeuri nilikuwa nimeshayaandaa.

Leo Mama Zuhura amerudi. Nimempa shikamoo, ameitikia bila kucheka. Nikajua.

Anasema mzee alilishika, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Halafu akawaita wenzake, akawaambia hilo alilisuka yeye enzi zake Songea. Wakamsifu sana. Mama Zuhura akamuuliza kama kuna mtu alimwachia ufundi huo.

"Gaude, mwanangu," ameniambia, macho chini, "alisema hajawahi kumfundisha mtu."

Hajawahi.

Nimecheka pale pale, mimi na mdomo wangu. Nimesema kumbe kazi yangu ni kali hadi wazee wanaiiba. Alipoondoka nimekaa juu ya mianzi nikashindwa hata kutukana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Kazi yangu aliiona inafaa kuwa yake.

Mimi ndiye sikufaa.

Jioni nimejaribu kusuka kwenda kulia kama watu wengine. Vidole vimegoma, tenga limepinda kama mlevi wa ulanzi. Mama amesimama mlangoni akaniuliza nimepatwa na nini. Nimemwambia najifunza.

Kesho naendelea hivyo hivyo, kulia. Litatoka baya, na wa Mpitimbi watapata cha kusema. Lakini nikisema nimelisuka mimi, nitakuwa sijamwibia mtu.